Naomba ushauri: mama hayupo tena, natafuta mkunga wa kuja nyumbani baada ya operesheni (Tabata)

mama_amani_kimanga

Hodi humu ndani, poleni na majukumu.

Nina ujauzito wa wiki 33, mtoto wa pili, naishi Tabata Kimanga. Ninachouliza leo zamani nisingekiuliza popote, kwa sababu jibu lake lilikuwa mama. Mama alifariki mwaka jana mwezi wa nane, na sasa kila nikihesabu wiki zilizobaki nafika palepale: nikitoka hospitali na mtoto mkononi, nani ananipokea?

Naeleza kidogo ili mnielewe. Mtoto wa kwanza nilimpata mwaka 2021 kwa operesheni ya dharura. Mama wakati huo alikuwa Marangu anamuuguza bibi, akashindwa kuja mapema, kwa hiyo shangazi akanitafutia mama mmoja wa mtaani wa kunikanda. Alikuwa mtu mzuri, sina kinyongo naye hadi leo. Ila alinikanda kama alivyozoea kuwakanda waliojifungua kawaida: maji ya moto yametoka jikoni sasa hivi, taulo limekamuliwa, anakandamiza tumbo zima pamoja na mshono. Nikilia ananiambia vumilia, damu chafu lazima itoke. Hospitali nilikojifungulia walikuwa wameniruhusu na karatasi ya dawa tu, hakuna aliyekaa akanieleza kipi nifanye na kipi nisifanye. Siku ya tisa mshono ukaachia upande wa kulia, upana wa vidole viwili, usaha unatoka. Wiki tatu nzima nikawa nakwenda kufungwa kidonda kila siku kwa bajaji, mtoto kifuani, kila tuta la barabarani nalisikia tumboni.

Mama alifika siku ya kumi na moja na ndizi za mtori, nusu kopo la samli na begi lake dogo. Tangu saa ile nikaanza kupona, na sisemi hivyo kwa sababu ni mama yangu tu. Asubuhi alikuwa anaweka kiti cha plastiki bafuni, ananikalisha, ananimwagia maji ya vuguvugu kuanzia mabegani, na mkono wake wa kushoto muda wote umeshika kipande cha kanga kikavu juu ya bandeji ili maji yasifike pale. Hakuwahi kusoma unesi. Alishika tu ile kanga, hakuiachia mpaka nimefutwa nikavalishwa. Usiku mtoto akilia alikuwa anamchukua kabla sijafungua macho, anambadilisha, kisha anamleta ziwani, anakaa pembeni mpaka amalize. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyonyesha, kula na kulala.

Sasa hivi hali iko hivi. Mume wangu ni dereva wa malori ya Lubumbashi. Foleni ikikaa vibaya mipakani, Tunduma na Kasumbalesa, safari moja inamaliza wiki tatu au nne. Likizo ya baba kisheria ni siku tatu, na yeye siku hizo tatu atazitumia hospitali. Mama mkwe yuko Songea, alipata kiharusi, yeye mwenyewe anauguzwa. Dada yangu ni mwalimu Sumbawanga. Nyumbani nina binti wa kazi wa miaka 19, ana moyo mzuri lakini hajawahi kushika mtoto mchanga, na nina Amani wa miaka minne anayetaka kubebwa. Daktari ameshasema safari hii tunapanga operesheni wiki ya 39.

Nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya ofisi, nina likizo yangu ya siku 84, na nimedunduliza shilingi laki sita kwenye mchezo wa kazini kwa ajili ya jambo hili peke yake. Nataka kumlipa mtu aliyesomea, aje nyumbani, aniangalie mimi na mtoto. Juzi nilipewa namba ya mtu anayejiita nesi wa nyumbani. Anataka elfu 80 kwa siku. Nilipomwomba leseni akasema dada, wewe ukiniona kazini utajua. Nikaogopa.

Naombeni mnisaidie: mtu wa aina hii anapatikanaje? Nitajuaje kama ni mkunga kweli? Akae hapahapa au awe anakuja na kuondoka? Na habari ya kukandwa niiache kabisa? Majirani wameshaanza kuniuliza nani atanikanda, na nikisema sikandwi wananiangalia kama nimejitupa.

---

bibi_mkunga_tanga

Mwanangu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Nimeisoma ile habari ya kanga mara mbili. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, nimekaa wodi ya wazazi miaka 31, na nakwambia mama yako alifanya kwa mkono kitu ambacho tulikuwa tunawafundisha wanafunzi kwa maneno mengi. Mshono unataka ukavu.

Nianze na pale unapotaka kukosea. Unatafuta mtu mmoja afanye kazi ya watu wawili. Ukimleta mkunga akae kwako siku thelathini, pesa yako inakwisha wiki ya kwanza, na muda mwingi utamkuta anaosha vyombo. Mkunga mlipe kwa ajili ya macho yake. Aje, akuangalie, akuelekeze, aandike, aondoke. Kupika, kufua, kumshika Amani na kukuletea uji kitandani, hiyo mlipe mama mwingine mtu mzima mwenye subira, na bei yake ni nyingine kabisa.

Kumpata si kugumu kama unavyodhani. Nenda kliniki unayohudhuria, muulize muuguzi kiongozi kama anamjua mstaafu, au muuguzi anayeruhusiwa kutembelea wazazi siku zake za mapumziko. Wastaafu tupo wengi, mikono bado ina nguvu. Kuna pia Chama cha Wakunga Tanzania, huko unaweza kuelekezwa. Leseni usiione haya kuiomba. Kila muuguzi na mkunga anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ana namba yake, na leseni ina tarehe ya kuisha. Linganisha jina na kitambulisho. Mwenye leseni halali haoni vibaya kuulizwa, anaitoa kwenye mkoba na mazungumzo yanaendelea. Yule wa elfu 80 mwache aende zake.

Uliza pia ofisi ya serikali ya mtaa au zahanati iliyo karibu kama mtaa wenu una mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Hawa hawachukui nafasi ya mkunga, lakini kupita nyumbani kuwaona mzazi na mtoto ni sehemu ya kazi yao na huwalipi.

Sasa ratiba. Mahudhurio ya baada ya kujifungua kwetu ni manne: ndani ya saa 48, siku ya 3 hadi ya 7, siku ya 8 hadi ya 28, na siku ya 29 hadi ya 42. La kwanza litakukuta bado uko wodini kwa sababu ya operesheni. Haya mengine usiyaache hata ukiwa na mkunga wa nyumbani, chanjo za mtoto ziko huko na kadi inajazwa huko. Mkunga wako mpange aingie katikati: kesho yake baada ya kuruhusiwa, siku ya 5, ya 7, ya 10, ya 14, halafu mara moja kwa wiki. Siku za mwanzo ziwe karibu karibu, sababu nakueleza hapa chini.

Akija, kabla hajauliza habari za nyumbani, apime presha. Watu wanadhani kifafa cha mimba kinaisha mtoto akishatoka. Hapana. Presha inaweza kupanda baada ya kujifungua, na mara nyingi inapanda zaidi siku ya tatu hadi ya sita, wakati mzazi ameshafika nyumbani na kila mtu amefurahi. Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu au nyotanyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Mzazi anajiambia ni usingizi. Nimewapokea wengi waliosema ni usingizi. Ukipata hayo usisubiri siku ya ziara, nenda hospitali hata usiku.

Halafu joto la mwili, mshono, damu inayotoka na harufu yake, matiti, na miguu yote miwili. Mguu mmoja ukivimba ukauma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, usikubali mtu aukande hata kidogo, hiyo inaweza kuwa damu imeganda. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, ni hospitali. Homa ya nyuzi 38, ni hospitali. Ukikosa pumzi ghafla, ni hospitali.

Mtoto avuliwe nguo zote apimwe uzito, na mzani aje nao. Aangaliwe kitovu, rangi ya ngozi, anavyopumua, anavyonyonya. Mtoto asiyetaka kunyonya, anayepumua haraka mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, aliyechemka au aliyepoa, mwenye manjano mpaka viganjani na nyayoni, au kitovu chenye wekundu unaosambaa, huyo hasubiri asubuhi. Kitovu msikipake kitu chochote ambacho hukuelekezwa hospitali. Si majivu, si dawa ya meno, si mate.

Kukandwa: tumbo lenye mshono halikandwi. Mji wa mimba unarudi wenyewe, na kunyonyesha kunausaidia kujikaza, ndiyo maana unasikia tumbo linakata mtoto akiwa ziwani. Damu inatoka bila kusukumwa na mtu. Ukitaka kuoga maji ya vuguvugu, oga. Maji ya moto mabegani na mgongoni hayana ubaya.

Na mkunga wako asije na dripu wala sindano za kukutia nguvu ambazo daktari hajaandika. Akianza habari hizo, mshukuru na umlipe nauli yake. Vidonge vya madini chuma ulivyopewa meza mpaka viishe, hata ukijiona umepata rangi.

---

binti_mji_wa_kale

Assalaam aleikum. Mimi niko Mombasa. Dadangu, pole kwa mama, Mungu amrehemu.

Bibi amesema kweli yote, ila mimi naomba mkandaji asifukuzwe. Mie nilizaa kwa kisu 2019, na mamangu aliniitia mkandaji aliyetukanda sisi sote nyumbani, mimi na dada zangu. Alipoingia swali lake la kwanza lilikuwa: umezaa kawaida ama umepasuliwa? Nilipomwambia nimepasuliwa akasema tumbo hilo si langu, ni la daktari. Akanikanda miguu, kiuno, mgongo na mabega kwa mafuta ya nazi, na shingo iliyokuwa imekakamaa kwa kuinamia mtoto. Mkaja, kile kitambaa cha kufunga tumbo, hakunifunga mpaka nilipotimiza wiki sita na daktari akasema sawa. Yule mama hakusoma chuoni lakini alijua mwisho wa kazi yake uko wapi. Sasa wewe ukimpata mkandaji, muulize swali hilo kwanza: mzazi aliyepasuliwa unamkanda vipi? Akisema namkanda kama wengine, mpe chai aende.

Nasema hivi kwa sababu kuna kitu mkandaji anacho ambacho mkunga mwenye saa yake mkononi hana. Anakaa. Wakati anakanda unazungumza, unalia ukitaka kulia, yeye amewaona mia kabla yako. Mimi siku ya sita nililia bila sababu, na yeye aliendelea kukanda mguu tu, hakuniuliza kitu. Majirani zako nao watatulia, maana wataona mtu anaingia na mafuta.

Jambo moja tu. Kwetu tunafukiza udi mzazi na chumba chake. Mimi mtoto alipiga chafya na kukohoa mpaka nikahofu. Chetezo kipelekwe uani, nguo zifukizwe huko, mtoto asivute moshi. Na uji wa pilipili manga kunywa, unaleta joto na hamu ya kula, lakini usiuite dawa ya mshono.

---

dada_wa_rotterdam

Mdogo wangu, mimi ni Mtanzania, naishi Uholanzi mwaka wa kumi na mbili sasa. Nimejifungulia huku mara mbili bila ndugu hata mmoja karibu, kwa hiyo ile hofu yako ya nani ananipokea naijua mpaka ladha yake.

Huku kuna huduma inaitwa kraamzorg. Ukiwa bado na mimba changa unajiandikisha, na ukishajifungua mhudumu anakuja nyumbani kila siku kwa siku nane hadi kumi, saa kadhaa kwa siku. Jumla ni kati ya saa 24 na 80 kulingana na hali ya mama na mtoto. Bima ya msingi ndiyo inayolipa sehemu kubwa, wewe unachangia kidogo kwa kila saa. Si mkunga. Mkunga anapita kwa wakati wake, na huyu anayekaa nawe ndiye macho yake, akiona kitu kibaya anampigia. Ndiyo maana nimemwelewa Bibi aliposema watu wawili.

Najua kwetu hakuna mfuko wa kulipa huduma kama hiyo, kwa hiyo sitakuambia tafuta kraamzorg ya Tabata. Kuna mambo mawili niliyoyaona ambayo hayahitaji bima. La kwanza ni daftari. Yule mama alikuwa na daftari mezani, kila siku ukurasa wake: joto langu, joto la mtoto, amenyonya saa ngapi na ziwa lipi, nepi ngapi za mkojo na ngapi za choo, uzito, mshono ukoje, mama amelala saa ngapi, mama anasemaje. Mkunga akifika anafungua daftari kabla ya kuniuliza mimi, maana mzazi ambaye hajalala hakumbuki jana na leo. Nunua daftari la kurasa mia, chora mistari sasa hivi ukiwa na nguvu. Binti wako wa kazi anaweza kulijaza, na kwa kulijaza atajifunza kumtazama mtoto.

La pili ni kitanda. Wiki chache kabla ya kujifungua unatakiwa kuinua kitanda kwa vigingi mpaka kimo cha sentimita 80 hivi, ili mhudumu asivunjike mgongo kwa kuinama. Kwangu mimi kimo kile ndicho kilichonisaidia baada ya operesheni. Kitanda cha chini kinakulazimisha kukaza tumbo kila ukiinuka. Kama chako ni kifupi, fundi seremala akikuwekea matofali ya mbao imara chini ya miguu minne, usiku wa kwanza utanikumbuka. Na ukiinuka, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Usiinuke moja kwa moja kama unaamka kwenda kazini.

---

baba_wa_wawili_mwanza

Shemeji, naomba na mimi niseme kwa sababu najua mzee wa lori atasomewa huu uzi.

Mke wangu alijifungua salama, kawaida, bila mshono hata mmoja. Nyumba ilikuwa imejaa watu, mama yangu, shangazi zake, chakula tele. Wiki ya tatu nikaona halali. Mtoto amelala, yeye amekaa kitandani anamwangalia mtoto, mpaka asubuhi. Anakula kidogo, haongei, anasema mtoto anastahili mama mwingine. Mimi nikadhani ni uchovu, wengine wakasema amerogwa. Zilipita wiki tano. Hospitali nesi mmoja mtulivu alimuuliza maswali kumi, taratibu, na swali la mwisho likawa kama amewahi kufikiri kujidhuru. Akasema ndiyo. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Ilikuwa ni sonona ya baada ya kujifungua, akatibiwa, na leo ni mzima na ndiye aliyeniambia niandike haya.

Kwa hiyo huyo mkunga mwambie mapema, kwa kinywa chako, kwamba kila ziara akuulize na habari ya moyo wako, na akuulize mkiwa wawili tu. Kulia kulia siku kumi za mwanzo kunatokea kwa wengi na kunapita. Kukizidi wiki mbili, au ukikosa usingizi hata mtoto akilala, mtu achukue hatua. Wewe hasa, maana umefiwa na mama juzi tu, na mtoto huyu atakukumbusha.

Na mzee wa lori: namba ya mkunga uwe nayo wewe, na ya jirani mwenye gari uwe nayo wewe. Ukiwa Kasumbalesa huwezi kubeba mtoto, lakini kupiga simu unaweza.

---

mama_amani_kimanga

Ndugu zangu, samahani kwa ukimya. Nilisoma kila jibu, na lile la shemeji wa Mwanza nilimsomea Baba Amani kwa simu akiwa Mbeya. Akanyamaza, kisha akasema nitumie hizo namba.

Nilifanya kama Bibi alivyonielekeza. Muuguzi kiongozi wa kliniki alinipa jina la mama mmoja mstaafu, anakaa Segerea. Nilipomwomba leseni alitabasamu, akaitoa kwenye bahasha ya kaki pamoja na kitambulisho. Alikuja nyumbani nikiwa na wiki ya 36, akakaa saa nzima. Aliangalia kitanda, bafu, mahali pa kuchemshia maji, akamwita binti na kumwonyesha kunawa mikono mpaka viwiko. Tukakubaliana elfu 35 kwa kila ziara, ziara saba, na tumeandika kwenye karatasi: siku gani, anafanya nini, na kwamba nikimpigia usiku atapokea simu lakini akisema nenda hospitali, naenda. Jumla 245,000. Wa kupika na kufua nimempata mama mjane wa jumuiya yetu, anaingia saa moja asubuhi anatoka saa kumi jioni, 150,000 kwa mwezi. Iliyobaki, 205,000, iko kwenye simu, ya nauli na dharura. Fundi aliinua kitanda kwa elfu kumi na mbili ambazo Baba Amani alilipa mwenyewe.

Nimejifungua. Ni wa kike, kilo 3.2. Leo ana siku 15.

Nataka niwaeleze ziara moja tu, ya siku ya tano. Nilikuwa najiona niko sawa. Presha ilikuwa nzuri, mshono mkavu, mtoto mtulivu, analala sana. Nikamwambia mkunga huyu hanisumbui kama Amani. Hakujibu. Alimvua mtoto nguo zote, akamfunga kwenye kanga, akamning'iniza kwenye mzani wake. Kilo 2.85. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye safu ya nepi: nepi za mkojo mbili tu tangu jana asubuhi. Binti ndiye aliyeziandika, mimi nilikuwa sijaziona kabisa kama ni chache. Akaniambia kwa upole, huyu halali kwa kushiba, analala kwa kukosa nguvu.

Kumbe nilikuwa namnyonyesha nikiwa nimemweka mbali kidogo na tumbo, naogopa asiguse mshono, na yeye alikuwa anashika ncha ya chuchu tu. Mkunga akaweka mto ubavuni kwangu, akamlaza mtoto chini ya kwapa, miguu yake imeelekea mgongoni kwangu, haigusi mshono hata kidogo. Akashika shingo yake kwa nyuma, akasubiri. Akasubiri mpaka mtoto akafungua mdomo wote, ndipo akamsogeza kwa haraka, mara moja. Kidevu kikazama kwenye ziwa, mdomo wa chini ukapinduka nje, na nikaanza kumsikia anameza. Tangu azaliwe sikuwahi kumsikia anameza. Nililia pale pale, mkunga akanishika bega. Nilikuwa nalilia mama, nadhani.

Akanipangia nimwamshe kila baada ya saa mbili, nikamue na kumpa yanayobaki kwa kikombe, na nimpeleke kituo cha afya siku ileile aonwe na daktari. Nilimpeleka, wakampima, wakasema tuendelee hivyo na tukaonyeshe uzito baada ya siku mbili. Siku ya 7 alikuwa 2.9.

Mkandaji sijamwita bado, binti wa Mji wa Kale, lakini swali lako nimemuuliza mama mmoja wa hapa mtaani. Akasema tumbo lenye kisu haligusi. Anaanza wiki ijayo, mgongo na mabega.

Shemeji wa Mwanza, mkunga ameniuliza habari ya moyo kila ziara, binti anatolewa nje na Amani anapelekwa kucheza. Nikipata nafuu zaidi nitakuandikia niliyomjibu.

Baba Amani yuko kwenye foleni Kasumbalesa siku ya nne. Kila jioni ananipigia anataka nimsomee ukurasa wa siku ile. Jana nilimsomea: presha 118 kwa 76, joto 36.7, mshono mkavu, nepi za mkojo saba, uzito kilo 3.25. Akaniambia nirudie hapo kwenye uzito.